Haki ya Asiyekumbuka

Deni husimama juu ya nguzo mbili: anayedai na anayedaiwa. Katika shughuli za ulimwengu nguzo hizi hushikwa na kumbukumbu. Anayedai hukumbuka alichotoa, anayedaiwa hukumbuka alichopokea. Na pale wawili hao wanaposhuku uaminifu wa vichwa vyao huandika hati au huita shahidi. Lakini yako madeni mengine ambayo mmoja wa wenyewe hana uwezo wa kuyakumbuka hata kwa muda wa saa moja. Atendewapo wema, wema huo hauingii katika daftari la shukrani zake. Atendewapo ubaya, hauingii katika daftari la lawama zake. Je, mtu wa namna hii anawadai nini wenzake? Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Huulizwa kila siku, magharibi inapoingia, katika nyumba zenye wazee.

Na achukuliwe mfano wa ajuza mmoja ambaye mumewe alifariki dunia miaka mingi iliyopita. Uzee umekula kumbukumbu yake kama mchwa alavyo boriti: kwa nje nyumba imesimama, ndani mti umekuwa unga. Jua linapokuchwa huuliza, “Baba yako hajarudi?” Binti yake mkubwa, ambaye hakulelewa kusema uwongo, hujibu, “Mama, baba alifariki zamani.” Mama hupigwa na habari ile kama aliyeletewa msiba mlangoni. Hulia, hushika kichwa, huuliza mumewe amezikwa wapi na kwa nini yeye hakuarifiwa. Kisha chakula huandaliwa, machozi hukauka, na sababu ya machozi hutoweka. Kesho magharibi swali hurudi. Binti wa pili, kwa kumwonea mama yake huruma, hujibu, “Yuko njiani, atafika.” Mtoto wa tatu, mwanamume, huona kuwa dada zake wote wawili wanajisumbua bure, kwani lolote litakalosemwa litakuwa limesahauliwa kabla ya sala ya isha.

Watoto hawa watatu wamegawana miongoni mwao majibu yote ambayo watu hutoa. Wa kwanza ana kweli, wa pili ana huruma, wa tatu ana hesabu. Kuamua kati yao si kazi nyepesi, na haiwezekani kabisa kabla ya kufahamu kumbukumbu yenyewe ni kitu gani na hupoteaje.

Watu wengi hudhani kuwa kumbukumbu ni sanduku moja: kitu hutiwa ndani, hukaa, hutolewa kinapohitajiwa, na kusahau ni kukikosa kitu sandukuni. Elimu ya nafsi imekwisha kuiacha dhana hii. Mfano ulio karibu zaidi ni nyumba ya kale ya pwani, yenye baraza mbele na vyumba ndani. Mgeni hukaribishwa barazani. Wengi huishia hapo hapo. Hunywa kahawa yao, huaga, na waliomo ndani hawajui kuwa walikuja. Wachache huvushwa kizingiti, na miongoni mwa hao wako ambao hukaa milele. Baraza ni kumbukumbu ya muda mfupi. Vyumba vya ndani ni kumbukumbu ya muda mrefu. Kati ya mbili hizo pana mlango, na habari yote ya ajuza yule ni habari ya mlango huo.

Baraza ni dogo. Mwaka 1956 mtaalamu wa Kimarekani, George Miller, alikusanya vipimo vingi vya wenzake akaonyesha kwamba vitu ambavyo mtu mzima hushika kwa mara moja ni kama saba, vikizidi au vikipungua viwili. Waliopima baada yake kwa uangalifu zaidi wameshusha hesabu hiyo mpaka karibu vinne. Tena baraza halikai na wageni kwa muda mrefu. Mwaka 1959 Lloyd Peterson na Margaret Peterson waliwapa watu herufi tatu tu za kushika, kisha wakawaamuru wahesabu kwa kurudi nyuma, tatu tatu, ili wasipate nafasi ya kuzirudia moyoni. Baada ya nukta 18 herufi zile zilikuwa karibu zimepotea zote. Mtu asikiaye jambo hili kwa mara ya kwanza hulitilia shaka, kwa sababu halingani na heshima anayoipa akili yake. Lakini mtu yuyo huyo, akitajiwa nambari ya simu na hapo hapo akaulizwa saa ngapi, nambari humtoka.

Kinachomwokoa mwanadamu na udogo wa baraza lake ni ufundi wa kufunga mafungu. Tarakimu nane, 0, 9, 1, 2, 1, 9, 6, 1, ni mzigo kwa mtu asiyezijua. Kwa Mtanzania aliyesoma historia ni kitu kimoja tu, siku ya uhuru wa Tanganyika. Washairi walilitumia jambo hili karne nyingi kabla ya wapimaji. Mshororo wa utenzi una mizani nane, nao hufungwa kwa kina. Sauti ya kina humwita mwenziwe, na mghani ashikaye beti mia kadhaa hashiki maneno maelfu, hushika mafungu yanayoshikana mikono. Hapa Miller alitoa jina na hesabu kwa kitu ambacho wenye tungo walikwisha kukitumia.

Ama vyumba vya ndani, mtu wa kwanza kuvipima kwa subira alikuwa Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, ambaye mwaka 1885 alitangaza matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alijifunza kwa moyo orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima ni kazi kiasi gani aliyookoa alipojifunza orodha zile zile tena. Baada ya saa moja alikuwa ameokoa chini ya nusu. Baada ya siku moja, theluthi moja. Baada ya mwezi, kama sehemu moja katika tano. Hasara ni kubwa mwanzoni, kisha hupungua mwendo, na kilichobaki baada ya dhoruba ya kwanza hukaa muda mrefu. Mfaransa Théodule Ribot alikuwa amekwisha kueleza mwaka 1881 jambo linaloshabihiana na hilo katika maradhi: akili inapobomoka, mapya hutangulia kuanguka na ya kale hubaki nyuma. Ndiyo maana ajuza yule hakumbuki chakula cha mchana, bali anakumbuka ngoma ya harusi yake. Maradhi aliyoyaeleza Alois Alzheimer mwaka 1906 aghalabu huanza kuharibu pale pale mlangoni, kabla hayajafika vyumba vya nyuma.

Mlango huo ulijulikana kwa msiba wa mtu mmoja. Henry Molaison alizaliwa mwaka 1926 katika jimbo la Connecticut, Marekani. Alisumbuliwa na kifafa tangu utotoni, na alipofika umri wa miaka 27 kifafa kilikuwa kimemzuia kazi na maisha. Mwaka 1953, katika mji wa Hartford, tabibu mpasuaji William Scoville alimtoa sehemu za ndani za ubongo, usawa wa panja la kulia na la kushoto, pamoja na sehemu kubwa ya kile kiungo kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua sana. Lakini mgonjwa alipopata nafuu ilionekana kuwa hawajui wauguzi waliomhudumia, wala hajui njia ya kwenda msalani, na kwamba kila siku ilikuja kwake bila ya kushikana na siku iliyotangulia. Mwaka 1957 Scoville, pamoja na mtaalamu wa elimu ya nafsi Brenda Milner kutoka Montreal, walitangaza habari yake. Na Scoville, kwa haki yake, aliwaonya wapasuaji wenziwe wasirudie alichofanya. Kwa miaka zaidi ya hamsini, mpaka alipofariki tarehe 2 Desemba 2008, ulimwengu wa elimu ulimjua kwa herufi mbili tu, H.M.

Akili yake haikupungua. Alizungumza vizuri, alifanya mzaha, alijua utoto wake. Baraza lake lilikuwa zima na vyumba vyake vya kale vilikuwa na watu. Mlango ndio uliozibwa. Siku moja Milner alimpa nambari 584 aishike, akamwacha. Baada ya robo saa nambari ilikuwapo bado, na mgonjwa alieleza alivyoishika: tano na nane na nne ni kumi na saba, ukiikumbuka nane ukaitoa, zinabaki tisa, tisa ukiigawa hupata tano na nne, basi ndiyo 584. Kwa robo saa alikuwa amemzuia mgeni barazani kwa nguvu za mikono yake. Dakika moja baadaye, mazungumzo yalipogeukia jambo jingine, hakuikumbuka nambari, wala hesabu yake, wala kwamba aliwahi kupewa nambari. Yamkini hakuna jaribio lionyeshalo kwa uwazi zaidi kuwa kushika na kuhifadhi ni kazi mbili mbalimbali.

Jambo lililowashangaza wataalamu zaidi lilikuwa jingine. Milner alimpa mchoro wa nyota, akamtaka apite na kalamu ndani ya kingo zake huku akiutazama mkono wake katika kioo tu, ambamo kila kitu kimepinduka. Kazi hiyo ni ngumu kwa kila mtu. Molaison aliirudia kwa siku tatu, na kila siku makosa yalipungua, mpaka mkono wake ukapita kingoni kama wa fundi. Siku ya tatu, kama siku ya kwanza, hakujua kuwa aliwahi kuifanya. Mkono ulikuwa umejifunza na mwenye mkono hana habari. Hivyo ikadhihirika kuwa hata ndani ya nyumba vyumba si vya namna moja, na kwamba kiko kimoja angalau kinachoingiliwa kwa mlango wa uani, ambao mpasuaji hakuugusa.

Katika habari za Molaison kuna moja ambayo ni ya ajuza yule hasa. Alipoambiwa kuwa mjomba wake aliyempenda amefariki, alihuzunika mno. Kisha akasahau. Mara kwa mara aliuliza mjomba atakuja lini. Na kila alipoambiwa tena, huzuni ilimjia kwa nguvu ile ile ya mara ya kwanza, bila ya kupungua. Kwa mtu mwingine msiba una siku saba, arobaini, mwaka. Kila siku hupunguza makali. Wanaolia pamoja leo watacheka pamoja siku moja, kwa sababu kumbukumbu hiyo hiyo inayouweka msiba ndiyo inayouzoesha moyo. Asiyekumbuka hana arobaini. Hapa ndipo binti mkubwa anapokosea hesabu yake bila ya kujua. Yeye anadhani anasema kweli moja kwa mara ya mia. Mama anafikiwa na misiba mia, na kila mmoja ni wa kwanza.

Lakini je, yule anayehuzunika leo ndiye yule aliyehuzunika jana? Mwingereza John Locke, katika sura aliyoiongeza mwaka 1694 kwenye kitabu chake juu ya fahamu ya mwanadamu, alisema kwamba nafsi ya mtu hufika pale ambapo fahamu yake hufika akigeuka nyuma. Anachoweza kukikumbuka kuwa ni chake, ndicho chake. Rai hii ilipendeza, kwa kuwa iliifanya nafsi isitegemee mwili unaobadilika. Mwaka 1785 Thomas Reid wa Uskochi aliijibu kwa kisa. Mtoto alichapwa kwa kuiba matunda. Alipokuwa askari kijana aliteka bendera ya adui, naye alikumbuka fimbo zile. Alipokuwa jemadari mzee alikumbuka bendera lakini fimbo alikwisha kuzisahau kabisa. Kwa kanuni ya Locke, jemadari ni yule askari, na askari ni yule mtoto, lakini jemadari si yule mtoto. Hili haliwezi kuwa kweli. Reid alitaka kuonyesha kuwa kumbukumbu ni shahidi wa nafsi, nayo nafsi haikuumbwa na shahidi wake. Shahidi akifa, kesi inaweza kukosa ushahidi. Tendo halikosi kuwa lilitendeka.

Mambo yaliyojulikana baadaye yanampa Reid nguvu. Mwanamuziki wa Uingereza, Clive Wearing, alipatwa mwaka 1985 na ugonjwa wa virusi ulioharibu ubongo wake, akawa na usahaulifu mkali kuliko wa Molaison. Akiachwa na mkewe kwa dakika chache, akimwona tena humpokea kwa furaha ya mtu aliyetengana na mpenzi wake miaka mingi. Hajui alipoondoka, anajua nani amerudi. Mtu angeweza kuuliza ni nani apendaye hapo, kama nafsi ni kumbukumbu na kumbukumbu haipo.

Sasa hoja ya mtoto wa tatu inaweza kukabiliwa. Yeye hasemi kuwa mama yake si mtu. Anasema tu kuwa kilichosahauliwa ni sawa na kisichotokea, na kwamba kuhangaika nacho ni kupoteza nguvu. Hoja hii ina makosa mawili: moja ni la ukweli wa mambo, na la pili ni la haki.

La kwanza lilifichuliwa na sindano. Tabibu wa Geneva, Édouard Claparède, alikuwa na mgonjwa mwanamke asiyeweza kushika habari mpya. Kila asubuhi ilimlazimu ajitambulishe kwake. Siku moja, kama alivyoandika mwaka 1911, alificha pini kati ya vidole vyake, akampa mkono, akamchoma. Uchungu ulipoisha mwanamke yule alisahau. Lakini tabibu aliponyosha mkono tena, aliurudisha wake nyuma. Alipoulizwa sababu hakuweza kuitaja. Alisema tu kwamba pengine mtu huweza kuwa na pini mkononi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, husema Waswahili; hapa mshtuko ulibaki na nyoka hakukumbukwa. Jaribio lile lilifundisha mengi, ingawa halifai kusifiwa kwa adabu yake.

Jambo hilo hilo limepimwa katika nyakati hizi kwa njia ya upole zaidi. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Iowa waliwaonyesha wagonjwa watano, walioharibika hipokampasi, picha za sinema za huzuni, na kwa wakati mwingine za furaha. Muda mfupi baadaye wagonjwa hawakukumbuka walichoona, au walikumbuka vipande viwili vitatu. Lakini huzuni ilikuwamo ndani yao bado, na furaha vivyo hivyo. Mwaka 2014 jaribio kama hilo lilifanywa kwa watu 17 wenye maradhi ya Alzheimer, na matokeo yakawa ya namna moja. Maana yake kwa nyumba ya ajuza ni nzito. Baada ya chakula mama hajui kwa nini moyo wake ni mzito, na kwa hiyo hawezi kuutua mzigo. Mwenye huzuni anayejua sababu yake ana la kuliwazwa. Asiyejua sababu huachwa na huzuni tupu, isiyo na jina, na pengine huielekeza kwa mtu wa kwanza atakayemwona. Mara nyingi watunzaji hulalamika kuwa mzee amekuwa mkali bila ya kisa. Huenda kisa kilikuwapo, na ni wao walio nacho.

Basi si kweli kuwa kilichosahauliwa hakikutokea. Lakini hata kama ingekuwa kweli, hata kama hakuna chembe ya huzuni iliyobaki moyoni mwa mama, hoja ya kijana yule ingeanguka kwa kosa la pili. Plato, katika kitabu chake juu ya dola na haki, ametia kisa cha Gyges, mchungaji aliyeokota pete. Akiigeuza kidoleni, haonekani na mtu. Mchungaji alipojua siri hiyo aliingia jumba la mfalme, akamharibia mke, akamwua, akatwaa ufalme. Anayesimulia kisa hicho anauliza: mwenye haki na mdhalimu wakipewa kila mmoja pete kama ile, je, matendo yao yatatofautiana? Watu husoma kisa hiki kama hadithi ya mbali. Lakini kila akaaye na mtu asiyekumbuka amekwisha kuvishwa pete hiyo, bila ya kuiokota shimoni. Akimkaripia, hakuna atakayeshtaki. Akimpunja chakula, akimcheka mbele ya wageni, akimwahidi matembezi ambayo hayatakuwapo, magharibi ifikapo shahidi amekwisha kutoweka, na shahidi huyo ndiye aliyedhulumiwa. Mtoto wa tatu hajafanya maovu hayo. Alilofanya ni kuitia pete kidoleni na kuona kuwa inamwenea.

Pete hiyo imewajaribu hata wenye elimu. Molaison alichunguzwa kwa zaidi ya miaka hamsini. Aliwaelewa wachunguzi wake kila walipomwomba, na kwa tabia yake ya upole alikubali, akionyesha kufurahi kwamba yanayojulikana kutoka kwake yatawasaidia wengine. Lakini kukubali kwake hakukudumu zaidi ya dakika alizokuwa barazani. Na mtu asiyekumbuka aliyoyakubali jana hawezi leo kusema kuwa amechoka nayo. Mahakama ilimteulia msimamizi mwaka 1992 tu. Mwaka 2016 Luke Dittrich, mjukuu wa Scoville, aliandika kitabu kilichouliza kwa ukali ni nani aliyekuwa akikubali kwa niaba ya mtu huyu, na kwa faida ya nani. Baada ya kifo chake ubongo wake ulikatwa, huko San Diego, vipande vyembamba 2,401. Si haki kusema kuwa wachunguzi wake walimtumia kama chombo; wako waliomjali kwa miaka mingi, na jina lake lilifichwa kwa uaminifu mpaka alipokufa. Ila elimu iliyopatikana kwake ni kubwa, na sehemu yake ya faida hakuwahi kuijua kwa zaidi ya dakika chache. Hilo ni deni, na halikufutwa kwa sababu mwenye kudai hakuwa na daftari.

Wanabaki binti wawili. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na binti mkubwa amelelewa juu ya neno hilo. Ni kosa kumdharau. Akianza kusema uwongo kwa mtu ambaye hawezi kuugundua, ataacha wapi? Leo baba yuko njiani. Kesho fedha za mama ziko salama, na kumbe zimetumika. Keshokutwa tabibu amesema hana ugonjwa. Nyumba nzima hugeuka kuwa mchezo ambao mtu mmoja peke yake hajui kuwa ni mchezo. Tena hisia ya kudanganywa inaweza kubaki kama ilivyobaki hisia ya pini. Uso wa mwenye kudanganya husomwa hata na wale ambao maneno yamewatoka.

Na binti wa pili naye ana haki yake. Watu wa pwani hawamtupii msafiri habari ya msiba akiwa bado barabarani. Humngoja afike, akae, anywe maji, ndugu wamzunguke. Kisha mzee mmoja husema. Hakuna aitaye jambo hilo uwongo. Kweli ina wakati wake na mahali pake pa kukalia, na kuicheleweshea mahali ni sehemu ya kuiheshimu. Lakini msafiri hatimaye hufika. Mama huyu hafiki. Yuko barabarani siku zote. Binti wa pili amelijua hilo, kosa lake ni kwamba amejaza njia maneno ambayo yeye mwenyewe hayaamini.

Wote wawili wamelisikia swali kama ombi la habari. Pengine sivyo lilivyo. Mtu anayeuliza kila magharibi kama mumewe amerudi hatafuti taarifa ya mahali alipo; taarifa hiyo, hata akipewa, hana pa kuiweka. Anaeleza kuwa saa hii ya siku ilikuwa na mtu ndani yake, na kwamba pana pengo. Pengo hilo ni kweli, nalo linaweza kujibiwa kwa kweli. Na siku ambayo mama anauliza kwa macho makavu, akitaka kujua kama mumewe amekufa, ili aamue jambo au amwombee dua, hiyo ni siku nyingine, na siku hiyo anadai kweli yote kama mtu mwingine yeyote. Kuzitofautisha siku hizo mbili ni kazi ya kumtazama mama uso wake. Hakuna kanuni itakayoifanya kwa niaba ya mtoto, na watu wapendao kanuni hawataridhika na jibu hili.

Magharibi moja binti mkubwa hakujibu. Aliketi ukingoni mwa kitanda akauliza, “Mama, baba ulimwona kwanza wapi?”

Mlango uliozibwa ni wa kuingilia. Vyumba vya kale vilikuwa wazi. Mama alicheka kidogo, akajifunika vizuri kanga yake. “Alikuja na jahazi, mwanangu,” alisema, “wakati wa kaskazi.” Akaeleza kanzu aliyovaa na namna alivyokosea nyumba, akabisha hodi kwa jirani. Mtoto wa tatu, aliyekuwa akipita ukumbini, alisimama. Jina la jahazi lile hakuwahi kulisikia.